Usalama wa Nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama usalama katika mahusiano ya kimataifa bado ni suala la mipaka na majeshi. Kwangu mimi bado ni hayo, ila hayako peke yake tena. Vitisho vimeongezeka, ndiyo, lakini badiliko kubwa zaidi ni kwamba sasa tunauliza: usalama wa nani?

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana tuna ulinzi na tuna usalama. Ulinzi ni kazi, usalama ni hali. Mtu akikusalimu "salama?" haulizii vifaru, anataka kujua umeamkaje na kama wa nyumbani hawajambo. Wakati wa Vita Baridi wakubwa wa dunia waliyachanganya maneno haya mawili. Nchi yenye makombora ya kumtisha adui ilihesabiwa kuwa salama, hata kama raia wake wanalala njaa au wanachukuliwa usiku na askari wa serikali yao wenyewe.

Mwaka 1994 Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyoandaliwa chini ya Mahbub ul Haq, mchumi kutoka Pakistan, ilimtanguliza mtu badala ya dola, yaani nchi na serikali yake. Ilihesabu chakula, afya, kipato na mazingira kuwa sehemu ya usalama. Aprili ya mwaka huohuo, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto Rwanda, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa huko hadi watu 270 hivi. Kila nikiyaweka mambo haya mawili pamoja roho inaniuma.

Baraza lenyewe lilibadilika polepole. Tarehe 10 Januari 2000 lilikaa kujadili UKIMWI barani Afrika, mara ya kwanza kwa suala la afya kujadiliwa pale kama tishio kwa amani. Mwaka 2007 likajadili mabadiliko ya tabianchi. Septemba 2014, kwa azimio namba 2177, likatamka kwamba mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi ni tishio kwa amani na usalama wa kimataifa.

Nafurahia upanuzi huu, lakini una hatari yake. Msomi wa Denmark, Ole Wæver, alionyesha kwamba kuliita jambo "la usalama" ni kitendo chenye nguvu: jambo hilo linatolewa kwenye mjadala wa kawaida na kupewa hatua za dharura. Ebola ilipoitwa hivyo, fedha na madaktari walipelekwa. Wakimbizi wanapoitwa hivyo, kinachojengwa ni uzio, na aliyekimbia hatari anageuzwa kuwa hatari.

Tazameni mkataba uliotiwa saini Novemba 2023 kati ya Australia na Tuvalu, visiwa vya Pasifiki vinavyotishiwa na kupanda kwa bahari. Unawaruhusu hadi watu 280 wa Tuvalu kila mwaka kuhamia Australia, na unatambua kwamba Tuvalu itaendelea kuwa dola hata bahari ikipanda. Lakini mkataba huohuo unaitaka Tuvalu ikubaliane kwanza na Australia kabla ya kuingia makubaliano ya ulinzi na usalama na nchi nyingine. Anayehofia maji na anayehofia wapinzani wake Pasifiki wametia saini karatasi moja, na kila mmoja anaita hofu yake usalama.