Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Sauti Iliyomwangusha Louise Brooks?

SWALI: Ndugu Mhariri, mara kwa mara nakutana mtandaoni na picha za Louise Brooks, mwigizaji wa zamani wa Marekani, yule mwenye nywele nyeusi zilizokatwa usawa wa taya na kuteremshwa mbele hadi juu ya nyusi. Maelezo yanayoambatana nazo husema kwamba sinema zilipoanza kutoa sauti alipoteza kazi kwa kuwa sauti yake ilikuwa mbaya. Je, ni kweli? Na alikuwa nani hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, ingawa uvumi huo una umri wa karibu miaka 100. Kilichomwondoa Brooks Hollywood ni ugomvi wa mshahara, na sauti ilikuja kutajwa baadaye kama kisingizio.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1906 katika mji mdogo wa Cherryvale, jimbo la Kansas, baba yake akiwa mwanasheria na mama yake mpiga piano. Hakuanza na uigizaji bali na dansi: mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda New York kujiunga na kundi la Denishawn, lililoongozwa na Ruth St. Denis na Ted Shawn, na baada ya kuondolewa humo akacheza katika maonyesho ya jukwaani ya Ziegfeld. Mwaka 1925 kampuni ya filamu ya Paramount ikampa mkataba wa miaka 5. Nionavyo mimi, dansi ndiyo iliyomtofautisha na wenzake, maana wakati ambapo waigizaji wengi walikodoa macho na kurusha mikono ili mtazamaji aelewe pasipo maneno, yeye alijua kutulia.

Mfano mzuri umo katika filamu ya Beggars of Life ya mwaka 1928, iliyoongozwa na William Wellman. Kijana mzururaji anafika kwenye nyumba moja kuomba chakula, anamsemesha mwanamume aliyeketi mezani mbele ya kifungua kinywa, kisha anagundua kwamba anaongea na maiti. Msichana wa nyumba hiyo, ambaye ni Brooks aliyekwisha kuvaa nguo za kiume tayari kutoroka, anaeleza jinsi alivyomuua mtu huyo kwa kujitetea. Badala ya kutuonyesha maandishi mengi ya maelezo, Wellman anaujaza uso wa Brooks kwenye skrini na kuyapitisha matukio ya mauaji juu yake, picha juu ya picha, na uso huo hauongezi chochote kisichohitajika.

Mwaka huohuo Hollywood nzima ilikuwa na wasiwasi kuhusu sauti, na wakuu wa studio waliutumia wasiwasi huo kubana mishahara. B. P. Schulberg wa Paramount alimwambia Brooks kwamba hatapata nyongeza aliyoitarajia katika mkataba wake. Achague kubaki kwa malipo yaleyale au kuondoka. Akaondoka. Alikwenda Berlin, ambako mwongozaji G. W. Pabst alikuwa akimtafuta baada ya kumwona katika filamu ya Howard Hawks, A Girl in Every Port, na alikuwa karibu kumpa mwigizaji Marlene Dietrich nafasi ya Lulu, mhusika mkuu wa filamu ya Pandora's Box. Brooks hakujua Kijerumani, lakini katika filamu isiyo na sauti jambo hilo halikuwa kizuizi, kwa kuwa maandishi ya kwenye skrini yalibadilishwa kwa lugha ya kila nchi ilikopelekwa.

Aliporudi Marekani, Paramount ilimtaka arekodi sauti yake kwa ajili ya The Canary Murder Case, ambayo aliipiga bila sauti kabla ya kuondoka na ambayo sasa kampuni ilitaka kuigeuza kuwa filamu ya sauti. Alikataa katakata, hata alipoongezewa fedha. Mwigizaji mwingine, Margaret Livingston, akatia sauti mahali pake, na hapo ndipo ilipoenezwa habari kwamba sauti ya Brooks haifai. Ushahidi unaopinga habari hiyo umetoka kwa Paramount wenyewe: mwaka 1931 walimwajiri katika filamu ya sauti, It Pays to Advertise, na humo anazungumza vizuri kabisa.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba naye alichangia kuporomoka kwake. Wellman alipomtaka kwa ajili ya The Public Enemy ya mwaka 1931 alikataa, nafasi hiyo ikaenda kwa Jean Harlow, ambaye baadaye alivuma sana.

SWALI: Ndugu Mhariri, aliishije baada ya kuacha sinema, na je, filamu zake bado zipo? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Aliishi kwa taabu. Alifilisika mwaka 1932, filamu yake ya mwisho aliicheza mwaka 1938 pamoja na John Wayne, na miaka ya 1940 alikuwa muuzaji katika duka la Saks Fifth Avenue, New York. Waliomrudisha ni watunza kumbukumbu za sinema. Mwaka 1955 Henri Langlois alitundika picha yake kubwa kwenye maonyesho ya Paris na kutamka, akimlinganisha na nyota wakubwa wa enzi zake, kwamba hakuna Garbo, hakuna Dietrich, yupo Louise Brooks tu. Mwaka uliofuata, kwa ushawishi wa James Card wa jumba la makumbusho ya picha na sinema la George Eastman, alihamia Rochester, katika jimbo la New York, akawa anatazama filamu za zamani na kuandika makala makali kuhusu watu aliofanya nao kazi. Makala hayo yalikusanywa katika kitabu cha Lulu in Hollywood mwaka 1982. Alifariki tarehe 8 Agosti 1985.

Baadhi ya filamu zake, zikiwemo Rolled Stockings na The City Gone Wild za mwaka 1927, zinahesabiwa kuwa zimepotea. Pandora's Box na Beggars of Life zipo, na ningeshauri uanze na hiyo ya pili. Ukiipata The Canary Murder Case, mwangalie Brooks midomo wakati sauti ya Livingston inapotoka.