Kinyonga mtafute usiku: majibu kwa wapiga picha wa wadudu na watambaazi

Masika yakielekea ukingoni, msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, na vichaka vya Muheza hujaa vipepeo, panzi na vinyonga. Maswali nayo yamekuwa mengi.

Nimezunguka Amani kutwa nzima nikimtafuta kinyonga wa pembe tatu, sikumwona. Nakosea wapi?

Umekosea saa. Mchana anafanana na majani, jicho linampita. Usiku akilala rangi yake hupauka, ukimmulika anaonekana waziwazi. Hupenda kulala kwenye ncha za vitawi, ambako nyoka akipanda, mtikisiko humwamsha. Lipa kiingilio cha hifadhi, toka na mwongozaji wa kijijini kiza kikishaingia, mtembee polepole mkimulika kandokando ya njia. Dume ndiye mwenye pembe. Jike hana, naye ni mzuri vilevile. Mulika pia mimea ya chini ya goti: huko hulala kinyonga mdogo wa rangi ya majani makavu, urefu wake kama kidole. Piga picha mbili tatu, ondoa mwanga, mwache alale. Na tafadhali usimbandue kwenye tawi. Ameshikilia kwa vidole na mkia, ukimvuta utamuumiza.

Nina simu tu. Vipepeo nitawaweza?

Utawaweza. Nenda asubuhi, wakati bado wanaota jua mabawa wazi, au tafuta tope bichi njiani mvua ikishakatika. Madume hukusanyika hapo kufyonza chumvichumvi. Wakishaanza kunywa hawaruki ovyo. Chuchumaa, sogea kidogo kidogo, kivuli chako kisiwaangukie. Simu iwe sambamba na mabawa, ndipo bawa zima litoke kali badala ya ncha moja.

Rafiki ananishauri nimtie vunjajungu kwenye friji ili atulie. Ni sawa?

Hapana. Huyo ni kiumbe hai, na picha ya mdudu aliyezubaishwa kwa baridi kisha kupangwa juu ya ua inamdanganya anayeitazama. Amka alfajiri, umkute ametulia mwenyewe, umande ungali mgongoni.

Nyoka je?

Lenzi ndefu, buti, na umbali. Mwogope zaidi kifutu: hakimbii, hulala kimya kwenye majani makavu hadi akanyagwe. Usipige magoti wala kulala chini kabla hujapakagua. Akikuuma yeyote, wahi hospitali. Usichanje wala kufunga kamba.

Niweke mahali nilipompigia picha kinyonga mtandaoni?

Andika "Usambara", inatosha. Vinyonga wa milima hii wanatafutwa na wafugaji wa ng'ambo, na ingawa mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, mkamataji anayejua kichaka chenyewe hahitaji kibali. Zima kirekodi mahali, kile kinachoficha ndani ya picha ulipoipigia, kwenye mipangilio ya kamera ya simu kabla hujaingia msituni, na waombe wenzako kwenye msafara wafanye hivyo pia.