Shangazi, Nile Nini Marseille?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ana mkutano Marseille, Ufaransa, mwezi ujao, nami namfuata. Nitakuwa na siku mbili za kuzunguka peke yangu. Nataka kuuona mji na kula chakula chao, lakini nachelea nguruwe na mvinyo, na Kifaransa sijui. Nianzie wapi? – Msomaji, Kibokoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia Vieux-Port, bandari yao ya kale, asubuhi mapema. Hapo gatini wavuvi huuza samaki kwenye meza, wengine bado wapiga mikia. Simama uangalie wanawake wa mji wanavyochagua. Wanainua shavu la samaki kama sisi. Kuna na kiferi kinachovuka bandari, safari isiyofika hata mita 300. Ukikiona kinafanya kazi, ukipande, maana maji uyatazame ukiwa katikati yake.

Sasa chakula. Watakutajia bouillabaisse. Ni mchuzi wa samaki, mwanangu. Wavuvi walikuwa wakichemsha samaki wa miamba wenye miiba, wale wasiouzika, kwa thomu, nyanya, shamari na zafarani. Kwanza huletwa supu na vipande vya mkate mkavu vya kupaka rouille, yaani sosi ya thomu, zafarani na pilipili. Samaki hufuata baadaye. Mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa waliandikiana mkataba kwamba lazima wawe samaki wa aina nne angalau. Ndiyo maana sahani ya kweli huweza kupita yuro 60 kwa mtu. Mimi safari yangu ya kwanza nilikimbilia ya bei rahisi, mkahawa wa pale pale ukingoni. Nililetewa maji ya rangi na samaki wa barafu, na iliniuma sana. Heri ule mara moja tu, na mumeo, mkiwa mmeagiza tangu jana yake. Wapishi wengine hutia mvinyo mweupe, basi uliza: “Sans vin?”, yaani bila mvinyo?

Siku nyingine zote usitumie pesa nyingi. Nenda mtaa wa Noailles, soko la Capucins. Bucha za halali zimejaa, kuna kuskusi, zeituni na mikate ya watu wa Algeria na Tunisia. Ukisikia maneno unayokaribia kuyaelewa, hao ni Wangazija; wako wengi mno Marseille. Wasalimie. Mimi mama mmoja alinishika mkono akanitembeza soko zima, na mpaka leo namwombea dua.

Usikose panisse: unga wa dengu uliosongwa, ukakatwa na kukaangwa. Ulimi wako utakumbuka bhajia. Na navette, biskuti ngumu yenye umbo la mashua na harufu ya maua ya machungwa. Nunua za kuleta nyumbani, hazivunjiki.

Jumba la makumbusho la MuCEM, lililofunguliwa 2013, lina daraja jembamba la kwendea Ngome ya Saint-Jean. Bustani za ngome ni bure, na machweo yake hutayasahau. Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko juu ya kilima. Panda basi, usitembee.

Upepo wao wa mistral haukuulizi. Mtandio ufunge kwa pini mbili, na buibui chagua lile zito.