Kabla ya kumwandikia dawa mtu anayekoroma

Wadogo zangu mnaoanza zamu hospitalini hapa Lubumbashi, chukueni kosa langu liwafae. Mwaka wangu wa kwanza alikuja dereva wa malori ya Kasumbalesa, papa mnene mwenye shingo fupi. Akasema halali vizuri, anaamka kachoka. Nikamwandikia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi.

Wiki moja baadaye akarudi na mkewe. "Daktari, zamani alikuwa anakoroma, ananyamaza, mimi nahesabu, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Tangu apate dawa yako, nahesabu mpaka naogopa."

Huo ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, apnea: koo huziba mtu akilala. Diazepamu hulegeza misuli ya koo, na koo likilegea ndipo linapoziba. Pombe nayo hivyo hivyo, basi ulizeni habari za lutuku bila haya. Na anayelala naye aulizwe kwanza. Mgonjwa mwenyewe atajuaje, naye kalala?

Wengi watawaomba kidonge. Kila dawa iulizeni: inafungua koo, au inafukuza usingizi tu? Modafinili inafukuza usingizi. Huko Marekani imeidhinishwa kwa usingizi wa mchana unaobaki, na koo lenyewe hutibiwa kwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia puani. Mpe dereva modafinili peke yake, atafika Kasumbalesa macho kodo, na usiku pumzi zitakatika kama jana. Solriamfetoli ni ndugu yake katika hilo. Asetazolamidi huchochea upumuaji na husaidia kiasi, lakini vidole hufa ganzi na wengi huiacha.

Tirzepatidi ni habari nyingine. Desemba 2024 ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu wenyewe, kwa watu wazima wenye unene uliopindukia na hali ya kati au kali. Ni sindano ya kila wiki: uzito unashuka, mafuta yanayobana koo yanapungua. Katika majaribio ya wiki 52, vipindi vya pumzi kukatika au kufifia vilipungua kwa takriban 25 hadi 29 kila saa. Kwa waliopewa dawa tupu ya kulinganishia, vilipungua kama 5. Mwembamba mwenye taya dogo msimpe matumaini hayo. Na bei yake iulizieni kabla ya kuitaja mbele ya familia.

Papa wetu tulimwachisha diazepamu, mwishowe ndugu zake wakachanga mashine. Mkewe akashona mfuko mgongoni mwa fulana, akatia mpira wa watoto, ili asilale chali. Umeme ukikatika, anaivaa.