Kutoa Nyama Hakutoshi

Jana nimemkuta mdogo wetu mmoja, wiki ya 2 jikoni hapa Seoul, anachota supu ya dagaa wa myeolchi aitie kwenye tteokbokki (vipande vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa pilipili) ya mteja asiyekula chochote cha mnyama. Nikamzuia. Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Kaka, si nimeshatoa eomuk?" Eomuk ni vipande vya samaki wa kusaga. Wadogo zangu, nawapenda, lakini jibu hilo nimelisikia kwa kila anayeingia.

1. Myeolchi ni dagaa. Hata ukimchuja, supu ni yake. Tumia dasima (mwani mkavu) na uyoga mkavu. Dasima itoe baada ya dakika 10 hivi, ikikaa sana inatoa ute na uchungu.

2. Kimchi, kabichi ya kuchachusha. Mwaka wangu wa kwanza yetu iliisha Jumamosi mchana, mteja mezani. Nikakimbilia sokoni, nikanunua ya tayari. Niliona kabichi, figili na gochugaru (pilipili ya unga), nikaridhika. Mteja alikuwa halmoni (bibi) mmoja mjane, yumo katika siku 49 za kumwombea mumewe, na kwa siku zote hizo alikuwa amejiwekea asile kiumbe. Alipoagiza aliniuliza, nami nikamwambia ale bila wasiwasi. Akala vipande viwili. Cha tatu akakifunua kwa vijiti, na pale kwenye weupe wa shina la kabichi alikuwa amelala uduvi mmoja, amepinda, vijicho viwili vyeusi tii. Saeujeot, uduvi wa kuchachusha kwa chumvi. Halmoni akavilaza vijiti taratibu, akaomba maji, akayanywa yote. Hakunigombeza. Nilimwinamia mpaka kiunoni, lakini siku zake za kumwombea mumewe ningemrudishia na nini? Swali moja tu kwa muuza kimchi lingetosha, nami sikuliuliza.

Kimchi yetu: badala ya saeujeot na mchuzi wa samaki, weka gukganjang (mchuzi wa soya wa supu) na supu ya dasima kwenye uji wa unga wa mchele.

3. Akija sunim (mtawa wa Kibudha), usimpe hata hiyo. Ina kitunguu saumu, na watawa hawali osinchae: kitunguu saumu, majani ya kitunguu, buchu na dallae (nazo ni jamii ya vitunguu) na mvuje. Muulize kila mteja ni yupi kati ya hawa wawili: asiyekula cha mnyama tu, au asiyekula na osinchae pia.

4. Yak-gochujang, rojo ya pilipili ya bibimbap (wali wa kuchanganya na mboga), ina nyama ya ng'ombe ndani. Doenjang (rojo ya soya) ya dukani nayo isome kibandiko, nyingine zina dagaa.

Ndoo yenye mfuniko wa kijani ndiyo kimchi yetu. Ikiisha, mwambieni mteja imeisha.