Mashine ya boti inalia "ta!" kisha inagoma

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina boti ya kuvulia hapa Mtera, mashine ni ya nguvu farasi 40, ya kuwasha kwa ufunguo. Asubuhi inawaka bila shida. Nikiizima kutoa nyavu, mchana jua likiwa kali, nikigeuza ufunguo inalia "ta!" mara moja na kunyamaza. Betri ni mpya, mita inasoma volti 12.6. Fundi wa huku kaniambia stata imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje? – Mvuvi, Mtera, Mpwapwa

Jibu: Nzuri ndugu yangu, pole na kazi. Stata, yaani mota inayozungusha mashine ili iwake, usiinunue kwanza. Huo mlio unaonyesha kuwa umeme mdogo umepita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi ya gia, ukafika kwenye solenoidi, ile swichi inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye stata. Huko usipoteze muda. Kingekuwa kimya kabisa, ningekuambia uanzie huko, na uhakikishe kwanza gia iko frii.

Hiyo 12.6 umeipima betri ikiwa imetulia, na betri iliyotulia haisemi yote. Stata ya mashine kama yako inaweza kuvuta ampea 100 au zaidi. Kwa mkondo huo, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu kinakula volti 2 nzima. Mashine ikiwa ya moto ukinzani unaongezeka, na kiungo kilichojikongoja asubuhi kinashindwa mchana. Kwa hiyo pima wakati mwenzako ameshikilia ufunguo, sekunde chache tu kila mara, na upime mchana huohuo inapogoma.

Anza na betri. Weka nyaya za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya vibanio vya kebo. Ikishuka chini ya volti 9.6, ama betri ni dhaifu hata kama ni mpya, ama kuna kitu kimekwama na kinavuta umeme kupita kiasi. Ikibaki juu ya 10, iache, hamia kwenye ethi, yaani njia ya kurudisha umeme kutoka kwenye mashine hadi hasi ya betri: waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha mashine. Ikizidi volti 0.3, waya wa ethi au viungo vyake ndivyo vibovu. Kisha upande wa chanya, kutoka chanya ya betri hadi boliti kubwa ya stata. Hapo isizidi 0.5. Ikisoma karibu volti zote za betri, pima kati ya boliti mbili kubwa za solenoidi. Nazo zikisoma hivyo huku inalia "ta!", solenoidi imeungua ndani, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya stata.

Fundi wako atakuwa sahihi ukikuta volti 11 au 12 zinafika kwenye stata yenyewe na haizunguki. Hata hapo aifungue aangalie kwanza brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya stata, maana nyingi hubadilishwa peke yake.

Mimi nashuku ethi. Maji ya Mtera si ya chumvi, kutu inakuja polepole, na watu husahau kusafisha viungo. Halafu kuna wanaorefusha kebo ya betri kwa waya wa nyumba wa milimita 2.5, ambao kazi yake ni ampea 20 hivi. Huo hauwezi kubeba stata. Nati za kukaza kwa vidole nazo hulegea kwa mtikisiko. Weka nati za spana, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Nakuomba sana, usiunganishe boliti za solenoidi kwa bisibisi kama wengi wanavyofanya. Cheche karibu na tanki la petroli ni moto, na kama gia imeingia boti itaruka wewe ukiwa umeinama nyuma.

Ukishapima, nitumie namba hizo tatu: betri, ethi na chanya.