Maji na unyevu wa hewa kwenye kivungulio cha nyumbani

Anayeanza kukuza nyanya au hoho kwenye kivungulio, yaani kibanda cha plastiki cha kukuzia mimea (greenhouse), uani kwake huogopa ukame kuliko kitu kingine chochote. Hapa Nairobi, hasa kati ya Juni na Agosti, adui mkubwa ni maji yaliyozidi pamoja na hewa iliyokwama. Maji unayoweka kwenye udongo hayakai huko. Sehemu kubwa hupanda kwenye mmea, ikatoka kwa majani na kuwa mvuke ndani ya kibanda hicho kidogo. Kwa hivyo saa unayomwagilia ndiyo inayoamua kama majani yatalala makavu au yatalala yamelowa.

Angalia hesabu yake. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60, yaani asilimia 60 ya maji yote inayoweza kubeba, ina karibu gramu 14 za maji katika kila mita ya ujazo. Usiku ikipoa hadi nyuzi 15, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Kinachozidi hugeuka matone kwenye plastiki na kwenye majani, na usiku wa Julai joto hushuka hata chini ya hapo. Ndiyo sababu alfajiri unakuta paa linadondosha ilhali mvua haijanyesha. Jani la nyanya likikaa limelowa saa nyingi kwenye baridi, bilaiti, ugonjwa unaounguza na kuozesha majani, imepata nafasi. Ukungu wa kijivu nao huingilia kwenye vidonda vya kupogoa na maua yaliyonyauka, kwa hivyo pogoa asubuhi ya siku yenye jua ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Majani yote yaliyo chini ya kichala cha kwanza kilichoanza kuiva yaondoe. Hayana kazi tena na yanazuia hewa kupita karibu na udongo.

Baridi ikija, wengi hufunga pazia zote ili joto lisitoke. Usifanye hivyo. Fungua pazia za pembeni kufikia saa mbili asubuhi, hata kukiwa na manyunyu. Utauliza: si hewa ya nje nayo imejaa unyevu? Imejaa, lakini ni baridi. Hewa ya nyuzi 12 iliyojaa kabisa ina gramu zisizofika 11. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 20, unyevu wake hushuka hadi asilimia 62 hivi. Jioni funga pembeni kabla jua halijazama, ila tundu la juu liache wazi upana wa kiganja. Kama kivungulio chako hakina tundu la juu, likate kabla hujafikiria kununua feni, kisha ulifunike kwa neti ya wadudu. Hewa moto hupanda, na isipopata pa kutokea huko juu, pazia za pembeni hazitakuokoa. Neti hizo hushika vumbi, basi zioshe. Neti iliyoziba ni kama ukuta.

Kwa nyanya, lenga unyevu wa asilimia 60 hadi 75 mchana. Ukipita 85 kwa muda mrefu, chavua, ule unga wa maua, hugandana na maua hayashiki tunda. Ukishuka chini ya 50, kama inavyotokea Januari na Februari, maua hupukutika na utitiri wekundu huanza kufuma utando chini ya majani. Siku hizo tandika neti ya kivuli, na kati ya saa tano na saa saba mwaga lita moja au mbili za maji kwa kila mita mraba ya njia, si juu ya mimea. Baada ya saa nane usimwage tena.

Ning'iniza kipimaunyevu katikati ya mimea, usawa wa maua, mahali ambapo jua halikipigi. Kipime kabla ya kukiamini: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha uifungie pamoja na kifaa ndani ya mkebe usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, ongeza 6 kila mara.

Kuhusu kiasi cha maji, mche uliotoka kupandikizwa unatosheka na nusu lita kwa siku au chini ya hapo. Mnyanya wenye matunda hunywa lita moja na nusu hadi mbili siku ya jua, na pengine nusu ya hiyo siku ya mawingu. Wekeza kwenye laini za dripu, yaani mipira yenye matundu madogo yanayodondosha maji kwenye shina, na tanki liinuliwe mita moja au zaidi. Kisha tega kikombe chini ya tundu la kwanza na kingine chini ya tundu la mwisho kwa dakika 15. Ukipata mililita 200, hiyo ni lita 0.8 kwa saa, kwa hivyo lita moja na nusu inahitaji karibu saa mbili. Tundu la mwisho likitoa kidogo sana kuliko la kwanza, safisha chujio, fungua ncha za laini uchafu utoke, au uinue tanki zaidi.

Mwagilia kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kwanza ingiza kidole hadi sentimita 5 na uchukue udongo kidogo uufinye: ukishikamana bila kutoa maji, subiri. Udongo mweusi wa upande wa Embakasi hushika maji muda mrefu kuliko ule mwekundu wa Kabete, basi usiige ratiba ya jirani wa mtaa mwingine. Ukiuacha ukauke kabisa kisha uufurikishe, matunda hupasuka na mengine huoza kitako, kwa kuwa madini ya kalisi (kalsiamu) husafiri na maji na haifiki kwenye tunda maji yanapokatika.

Maji ya visima vilivyochimbwa jijini mara nyingi yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, changanya na maji ya mvua. Paa la mita mraba 18 likipigwa na mvua ya milimita 10 hukupa hadi lita 180, karibu pipa zima, ukifunga gata. Pipa hilo likae nje ya kivungulio, na lifunikwe.